Bonyeo la Jérôme

Fundi Masudi wa mtaa wa Mikelenge alikuwa na donda moja moyoni: mji mzima wa Kindu ulimjua kama mtu wa kuharibu magari. Yeye, aliyefundishwa kunyoosha bati mpaka ujione sura yako ndani yake! Sasa ukungu ulikuwa umeanza kumwingia machoni, na kabla macho hayajafunga kabisa alitaka jambo moja tu: anyooshe gari moja, lipite barabarani mchana watu wakiliona, waseme hiyo ni kazi ya Masudi. Na gari lenyewe lilipaswa kuwa Pejo ya Mzee Abdallah, kwa sababu hakukuwa na jingine lililobaki.

Mambo yalianza wakati wa vita. Treni ilikuwa haifiki tena, chumvi inapimwa kwa kijiko kama dawa, na askari walioushika mji walikuwa na ugonjwa wao: gari zuri likipita mbele yao asubuhi, jioni linalala kwao. Hawakuuliza la nani. Mzee Abdallah, mchuuzi wa mchele wa Kibombo, alikuwa na Pejo nyeupe ya mizigo aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Siku moja alfajiri akaisukuma mpaka kwa Masudi bila kuwasha injini.

"Fundi, uniharibie hii gari," akasema.

Masudi akadhani ni njaa inayosema.

"Uharibu, lakini isikufe. Nataka askari akiiangalia asikie huruma."

Mtu mwingine angeokota jiwe akamaliza kazi. Masudi hakuweza. Kwake bonyeo lilikuwa na heshima zake. Lina mahali lilipoanzia na mahali linapokwisha, na mwenye jicho akilitazama anajua kama ni mbuzi au ni mti. Bonyeo lisilo na ajali ni uongo mtupu, na askari hata kama hajui kusoma, uongo anaunusa. Basi akamkalisha mzee kwenye kopo la rangi, akamuuliza kwa utaratibu kabisa:

"Umegonga nini?"

"Sijagonga kitu."

"Basi utafute kitu cha kugonga, Mzee. Siwezi kupiga hewani."

Wakakaa wakatunga ajali, huku chai ya majani ya mchaichai ikipoa. Paa liliangukiwa na shada la ngazi, chikichi za mawese, kwenye njia ya Pangi. Pua ya gari iligonga mbuzi, tena mbuzi mkaidi. Mlango wa kulia uliingiliwa na baiskeli. Lakini baiskeli haijiendeshi, na hapo ndipo alipopita Jérôme, karani wa reli asiye na reli, anasukuma baiskeli yake yenye gunia la muhogo. Wakamwomba awakopeshe goti. Jérôme hakuwa mchoyo. Akasimama kando ya mlango, Masudi akapima usawa wa goti lake na wa usukani wake, akachukua kipande cha mti alichokivisha mpira wa tairi, akapiga. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, kisha kwa ncha ya msumari akaongeza mkwaruzo mwembamba unaopanda juu kidogo. Alisema Jérôme lazima angejaribu kukwepa.

Abdallah akazikariri ajali zake kama mtoto wa madrasa. Kwenye kizuizi cha kwanza askari wakamuuliza, akawahadithia, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja wao akampa pole ya mbuzi. Pejo ikarudi nyumbani. Habari ikaenea, na kila mwenye gari akaja kwa Masudi kutafuta msiba wake. Kindu ikajaa ajali za kutisha wakati ambapo magari yenyewe hayakuwa na mafuta ya kutembea. Kila mteja Masudi alimwambia neno lile lile: "Amani ikija, rudi, nitanyoosha."

Amani ikatangazwa. Magari mengine yalikuwa yameshakufa, mengine yaliondoka na wenyewe kwenda Kisangani na hayakurudi. Ikabaki Pejo, na Mzee Abdallah akakataa katakata isiguswe, kwa sababu ambayo ilikuwa karibu kumtia Masudi wazimu. Alikuwa amezisimulia ajali zile mara nyingi mno hata akaziamini. Alikuwa hamsalimu tena Jérôme.

"Yule muntu aliniingilia mulango," aliwaambia watu msikitini. "Na hata pole hakusema."

Na Jérôme, badala ya kucheka, akajibu kwamba alikuwa upande wake wa barabara na kwamba Abdallah ndiye aliyekuwa anakimbia. Masika yakija alichechemea. Masudi aliwaendea wote wawili, akawakumbusha kopo la rangi, chai, kipande cha mti. Walimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimulia jambo ambalo hakuwepo.

Mwaka huu Bi Safi, mke wa Abdallah, ndiye aliyeikata kesi. Kulikuwa na arusi Lokandu, mtoto wa dada yake anaolewa. "Sitashuka mbele ya wakwe kutoka ndani ya kitu kimetafunwa," akasema, na hakurudia. Kesho yake Pejo ililetwa kwa Masudi.

Alifanya kazi ile kwa viganja zaidi kuliko kwa macho. Alishika kipande kizito cha chuma kwa nje, akagonga kwa ndani na nyundo ndogo, taratibu, akilirudisha bati nyumbani kwake kidogo kidogo. Palipokataa akapaka masitiki ya kuzibia, akasugua kwa msasa na maji, akapapasa, akasugua tena. Alipomaliza mlango wa kulia alilaza shavu lake juu yake, na hakuona haya. Rangi ilipokauka Pejo ilikuwa nyeupe pe, na Masudi alifurahi kama bwana arusi.

Wakaitoa mchana. Abdallah aliendesha, Masudi akakaa kulia, kioo kimeshushwa, anangoja sifa. Hazikuja. Watu walisogea kando kama wanavyompisha mgeni mkubwa, wakatazama chini. Hata muuza mikate ambaye humtania Abdallah kila siku alivuta mikate yake kando.

Penye njia panda akawasimamisha Shefu Florentin, askari wa barabarani. Aliizunguka Pejo polepole, anaiangalia kama mtu aliyeshinda na njaa anavyoangalia sufuria ya wenzake. Akapewa karatasi, akazisoma.

"Hapa wanaandika Pejo ya Abdallah. Pejo ya Abdallah ninaijua, hata mutoto wa shule anaijua. Ile iko na mabonyeo."

"Miye njo Abdallah mwenyewe, Shefu."

"Weye ninakujua, Mzee. Gari njo siijui."

Pejo ikasukumwa ndani ya uwanja wa kituo, ikae hapo mpaka mwenyewe apatikane. Florentin alikwisha kuweka kofia yake juu ya kiti cha dereva. Watu wakajaa. Masudi akaeleza kila kitu tangu mwanzo, na watu wakacheka kwa upole, kwa sababu ya umri wake. Mmoja akasema aitwe Jérôme, yeye njo shahidi. Jérôme akaja anachechemea, ingawa kilikuwa kiangazi. Akaupapasa mlango wa kulia juu na chini.

"Hapana," akasema. "Ingekuwa yenyewe, goti yangu ingekuwa hapa."

"Jérôme, ndugu yangu, goti uliikopesha tu. Hukugonga kitu."

"Masudi, ile siku weye ulikuwa wapi?"

Masudi akamgeukia Abdallah.

Mzee Abdallah alikuwa ameketi juu ya tofali, mikono kichwani. Bila Pejo hakuna mchele, na bila mchele nyumba yake haina kitu. Lakini hakumlaumu Masudi hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Alimtazama Florentin anaupangusa mlango kwa kitambaa chake mwenyewe, akasogea.

"Shefu, nikipiga alama ya Jérôme palepale, bila kupima, utakubali kama njo gari yenyewe?"

Watu wakasema hiyo ni haki. Florentin akakubali, maana nani anaweza kukumbuka bonyeo la miaka yote hiyo?

Wakamletea nyundo, mti, kipande cha mpira na msumari. Masudi akasimama mbele ya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya maishani. Aliomba mkono wake usahau. Haukusahau, tena ulifurahi, na ndicho kilichomuumiza zaidi. Akapiga. Akapiga tena, chini kidogo. Kisha akaupandisha msumari, mkwaruzo mwembamba wa mtu anayejaribu kukwepa.

Jérôme akainama, akaweka goti lake ndani ya bonyeo. Likakaa.

"Njo yenyewe," akasema. Akamgeukia Abdallah, akamnyooshea mkono. "Unisamehe, Mzee. Nilikuwa upande wako wa barabara."

Abdallah akainuka juu ya tofali, akaupokea kwa mikono miwili. "Na miye nilikuwa ninakimbia sana," akasema.

Florentin aliitazama Pejo mara moja tu. Hamu ilikuwa imemtoka yote. Akachukua kofia yake kwenye kiti, akatoa ufunguo. "Mupeleke. Gari gani hii, hata mulango imebonyea."

Njiani kurudi kila mtu aliwapungia. Muuza mikate alimtania Abdallah, watoto wakaita jina lake, na Jérôme alikaa nyuma kwenye mizigo anaitikia salamu zote. Masudi alilia waziwazi, na waliomwona walidhani ni macho yake mabovu. Mlango wa kulia haukufunga tena sawasawa, ikabidi aushike kwa mkono mpaka nyumbani.