Daftari la Bibi Turkiya

Jumatatu hiyo ya mwaka 1998 Mahfoudha alirudi kutoka ofisini, mjini Ibra, Omani, akawakuta mabibi wanne wamekwisha kaa sebuleni, buibui zao zikinukia udi. Wa mwisho kati yao alifariki Unguja mwaka wa hamsini na nane. Aliwaamkia mmoja mmoja, akaenda kuteleka kahawa.

Walifuata daftari. Bibi Turkiya, mmoja wao, mama mzaa baba yake Mahfoudha, alikuwa binti wa ukoo mkubwa, na zamani kila sahibu, shoga wa daraja lake, alipewa ukurasa humo: beti mbili tatu za mapenzi, kisha jina na nasaba hadi babu wa saba. Tangu Mahfoudha alitoe sandukuni, wanakuja kusahihisha beti. Wiki ya tatu sasa. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini marehemu utampa jembe gani? Na kikombe hawatikisi! Watu wa Ibra wakitosheka hutikisa kikombe, mtiaji akapumzika. Hawa walinyoosha mkono tu, mpaka birika la tatu likaisha.

Wala hakuna kati yao wanne aliyejua kuandika. Walisema wao, akaandika Mabruka, waliyekuja naye, amesimama mlangoni na kalamu ya mwanzi. Mabruka alikuwa mjakazi wao. Kuandika alijifunza akiwachukulia mabibi juzuu zao za Kurani chuoni. Baadaye mtoto wa Bibi Turkiya alimuoa mtoto wa Mabruka, akazaliwa Mahfoudha, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

“Mama, huyu anayeandika, ukurasa yake iko wapi?” aliuliza Alya, bintiye Mahfoudha, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, bila kuondoa macho kwenye televisheni.

Mahfoudha akaona haya mbele ya mwanawe. Akaweka birika chini.

“Bibi Turkiya, naomba ukurasa mmoja wa bibi yangu Mabruka.”

“Huyu si sahibu, mwanangu,” alisema Bibi Turkiya kwa upole. “Huyu ni wetu.”

“Wallahi mmenichosha!” Mahfoudha akachukua kalamu ya shule ya Alya, akaandika kwenye ukurasa mtupu, kwa herufi kubwa: Mabruka.

Bibi Turkiya hakukasirika. “Mabruka, futa.”

Mabruka akatoa wembe, akakwangua jina lake polepole, karatasi isitoboke.

“Usifute, bibi! Hawana amri tena, wamekufa!”

“Na mimi nimekufa, mwanangu. Nipishe mwanga.”

Hamdun, mumewe Mahfoudha, akaingia, akawaamkia wageni, akauliza kama kahawa imebaki. Haikubaki.

Bibi Turkiya akaamuru ukurasa ule uliokwanguliwa apewe mjukuu wake, maana naye ni wa daraja. Akataja: Mahfoudha binti fulani bin fulani, akapanda kizazi kwa kizazi. Mabruka akaandika mababa wote saba kwa mwandiko mzuri.

“Na upande wa mama?” aliuliza Mahfoudha.

“Huo hauandikwi,” alisema Mabruka, akapuliza wino ukauke.