Mpishi wa Halwa Asiyeonja

Sulemani, mpishi wa halwa wa Chemchem, hakuogopa kitu duniani isipokuwa kisu cha daktari. Picha ya eksirei ilipoonyesha vijiwe vimeziba mfereji wa kongosho, aliapa kukubali sharti lolote ilimradi asipasuliwe. Basi Daktari Eustace akampa masharti: ale kidogo kidogo, kila mlo anywe unga wa dawa wa kusaidia kusaga chakula, na samli asiiguse tena. Maumivu yakirudi, hapo watazungumza habari ya kisu.

Samli! Mtu aliyeikoroga tangu ana meno ya utoto. Nyumbani alinuna wiki nzima, na mkewe, Tufaha, akageuka askari wake. Mchana maharage ya kuchemsha, jioni wali mkavu na mchuzi wa maji matupu. Sulemani alidai kwamba hata mahabusu wanakula vizuri kuliko yeye. Tufaha alicheka tu, akamsogezea unga wake.

Miezi ikapita, maumivu yakatulia. Ndipo ikaja harusi ya binti yao, Masika. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kupanga foleni, hata wakwe wa kijiji cha Ujamaa kule Goweko wakachangia kibaba chao. Ilipatikana ya sufuria moja tu. Halwa ikiharibika, Masika angeolewa bila halwa, naye ni mtoto wa Sulemani.

Alikoroga tangu alfajiri. Ilipofika saa ya kuonja, akainua mwiko unaong'aa samli, mate yakamjaa kinywani. Katika maisha yake hakuwahi kumruhusu mtu kuonja sufuria yake, na wa kwanza kukatazwa alikuwa mkewe. Sasa mkewe huyo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama.

Sulemani akashusha pumzi. "Njoo uonje wewe, Mama Masika."

Tufaha akaonja. Akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kirefu, kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari. Hapo Sulemani akaelewa. Sahani zile alizozilalamikia miezi yote zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa ya Tufaha. Hakukumbuka kumwona akigusa samli tangu warudi kutoka hospitali. Aibu ikamshika, na mapenzi yakamshika zaidi.

"Imepungua iliki," Tufaha akasema.

"Leo?"

"Miaka yote, Baba Masika. Hukuwahi kuniuliza."

Sulemani akamkabidhi mwiko, akaenda kutwanga iliki.