Zipu ya Meno Madogo

Msimhukumu Fundi kabla hamjasikia habari yote. Miaka tisa yeye na mumewe, Mwalimu wa jiografia, walikuwa na safari moja tu midomoni: kuvuka mlima kwa miguu katikati ya majira ya baridi, siku sita kwenye theluji, wakilala hemani. Watoto wakikua, walisema. Wakimaliza shule, walisema. Huku wakinunua vitu kimoja kimoja: jiko dogo la mafuta, vyuma vya kufunga chini ya viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu, na mifuko miwili ya kulalia iliyojazwa manyoya, mmoja ukifunguka kushoto na mwingine kulia. Muuza duka aliwaonyesha kwamba zipu za mifuko hiyo zikikutanishwa, mifuko miwili inakuwa mmoja mkubwa. Akawakonyeza. Fundi alicheka mpaka akajifunika uso kwa mkoba.

Kisha likaja suala la goti. Fundi alianguka ngazini, akapasuliwa, daktari akamwambia ngazi za nyumbani atazimudu ila mlima ausahau. Mwalimu alimuuguza vizuri, kwa hilo hana lawama. Lakini mwaka huu, watoto wameshahama, alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulifanya, kwamba angependa kwenda hata hivyo. Na kwamba mlimani haendi mtu peke yake. Na kwamba zahanati ya karibu na shule ina muuguzi aliyewahi kuvuka mara mbili. Mwanamke. Wangelala hema moja, maana kubeba mahema mawili ni kujitafutia mzigo.

Fundi akasema sawa. Mwanamke akisema sawa kwa namna ile, mume mwenye akili humuuliza mara ya pili. Mwalimu hakuuliza.

Basi nyumba ikawa haikaliki. Kila jioni Muuguzi alikuja akitoka kazini, sebule ikajaa kamba, soksi na makopo. Walipima chakula kwa gramu, wakakata hata mipini ya miswaki kupunguza uzito. Fundi aliwatazama kutoka kwenye cherehani yake ya dirishani, anakoshonea nguo za watu. Huyo Muuguzi hakuwa mrembo wa kutisha, kama mnataka kujua: mfupi, mabega mapana, mikono mikubwa, kicheko cha kusikika barabarani. Afadhali angekuwa mrembo, mtu angemchukia akamaliza. Huyu alimwita dada, aliosha kikombe chake mwenyewe, aliuliza hali ya goti. Na alijua mambo. Alieleza jinsi ya kukausha soksi mbichi kwa kulala nazo tumboni, na Mwalimu alimsikiliza kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na Fundi hakukumbuka lini alisikilizwa namna hiyo. Roho ilimuuma. Akajitia hamnazo, akaendelea kushona.

Siku kumi kabla ya safari, Mwalimu akamletea ule mfuko wa pili, mfuko wake yeye Fundi, zipu imeharibika kwa kukaa miaka darini. Muuguzi angeutumia, alisema, haina haja anunue mwingine wakati huu upo. Je, angewatengenezea zipu? Fundi aliupokea kama mtu anayepewa nguo za marehemu, na marehemu mwenyewe ni yeye.

Droo ya meza yake ilikuwa na zipu ya namna ileile, meno makubwa, urefu sawasawa. Aliitazama, akafunga droo. Akachukua nyingine ya meno madogo, nzuri, imara, inayofunga vizuri kabisa, ila haiwezi kushikana na ile ya mfuko wa Mwalimu hata uisukume kwa nyundo. Akaishona kwa ustadi, maana hata kwenye hila fundi ana jina lake la kulinda. Mwalimu alipouliza mbona meno ni madogo, alijibiwa kwamba saizi ile madukani imekwisha. Fundi alisema hivyo akimtazama usoni, kavaa miwani ya mbao. Wakalale kila mtu kwake. Jioni ile alikula kwa hamu, mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Jumapili wakaenda kujaribu vifaa. Shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, ni msimamizi wa ghala la nyama iliyogandishwa, na kwa kuwa siku hiyo hakuna kazi, aliwafungulia chumba kimoja: nyuzi ishirini chini ya sifuri. Fundi alisema anawapelekea chai. Ukweli alikwenda kulinda. Akaazimwa koti la wapakiaji lililomfika vifundoni, akasimama kati ya mapande ya nyama yaliyoning'inizwa. Shemeji akamtania kwamba ameajiri walinzi wengi wa nyama, lakini mkali kama huyu hajampata. Fundi hakucheka.

Baada ya saa nzima, kope zao zikianza kushikana, Muuguzi akasema wamalizie na zoezi la muhimu kuliko yote, la mtu kuzidiwa na baridi. Akatandika mifuko miwili sambamba, akakutanisha zipu. Hazikushikana. Akavua glavu, akajaribu tena mpaka vidole vikafa ganzi. Akakaa kitako.

Mwalimu akaeleza habari ya madukani, akasema si kitu, watavaa sweta zaidi. Muuguzi akatikisa kichwa. Akaeleza polepole, akimgeukia zaidi Fundi, maana alidhani ndiye asiyejua. Anayetetemeka ana nafuu, alisema, mwili wake bado unapigana. Akiacha kutetemeka ndipo pana hatari: mfuko peke yake haumsaidii tena, kwa sababu hana joto la kutunza. Anahitaji mwili wa mwenzake ndani ya mfuko huohuo. Katika safari yake ya kwanza mwenzao mmoja aliacha kutetemeka, akadai anahisi joto, akaanza kufungua vifungo vya koti. Wakaunganisha mifuko. Leo yuko hai, anauza miwani.

"Nani aliingia naye?" Fundi akauliza.

"Mimi," Muuguzi akasema. "Nilimkumbatia kwa muda wa saa tano. Alinitapikia shingoni."

Hakusema kwa aibu wala kwa majigambo. Hata hivyo maneno yale yalimkata Fundi maini, maana aliona yote: mikono ile mikubwa, na shingo ya mumewe. Akamuuliza Mwalimu kama hawawezi kuahirisha. Mwalimu akasema kibali chao cha kupanda ni cha Jumatano, kikipita hicho ndiyo basi, na yeye afya anayo, atakwenda hivyohivyo. Alisema akitetemeka, midomo imebadilika rangi. Fundi aliikazia macho ile midomo, asione kingine chochote mle ndani.

Jumatatu, Mwalimu akiwa shuleni, Fundi akatwaa wembe akaufumua mshono. Kazi ilimtoa jasho kwa jinsi alivyoushona vizuri. Akafungua droo, akaishona ile zipu ya meno makubwa, akapitisha uzi mara mbili, na kwenye ncha mara tatu. Msidhani aliona raha ya kutenda wema. Kila sindano ilipozama alijua anachokishona: kitanda cha mumewe na mwanamke mwingine, kwa mfuko wake mwenyewe, kwenye nafasi yake mwenyewe. Akasimama mara mbili kunywa maji.

Muuguzi alipopitia mchana kuchukua mfuko, alikuta mifuko imetandikwa sakafuni, imeunganishwa. Akapiga magoti, akapandisha zipu, akaishusha. Haikukwama popote. Akainua uso.

"Dada, si ilisemekana haipatikani?"

Fundi angeweza kusema imeletwa jana. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Ilikuwa kwenye droo yangu tangu mwanzo," akasema. "Sikutaka ulale karibu naye."

Muuguzi akautenganisha mfuko wake, akaukunja, akaukandamiza kwa goti, akaufunga kamba. Kisha akasema kwamba yeye angekuwa na mume wa kumsubiri, huenda mfuko angeukata kwa mkasi kabisa. Hakuwa akitania. Akauliza kama Mwalimu anajua. Fundi akasema hajui, na akitaka kumwambia amwambie, ila wakisharudi.

Akamsindikiza mpaka mlangoni akichechemea. Pale akamshika mkono, ule mkubwa, akaubana kuliko watu wanavyoagana.

"Akiacha kutetemeka, ingia," akamwambia. "Usinifikirie mimi."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi na mfuko begani. Fundi akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, akalia. Wala si kwa kuuhofia mlima. Wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata chembe.