Maji Yasiyo na Mwisho

Nilisikia maji yakimwagwa juu ya mawe. Haikuwa mvua, kwani mvua ilikatika alfajiri. Haya yalikuwa maji ya mtungi: mkupuo mmoja, kimya, kisha mkupuo mwingine. Kwetu sisi Wayahudi wa milimani, mtu akifa, nyumba yake na za majirani humwaga maji yote yaliyomo, na hakuna anayelazimika kutamka neno.

Nilitoka mbio. Bibi Itto, mama mkwe wa dada yangu Hnina, alikuwa ameinamisha mtungi kizingitini. Maji aliyoyakinga usiku, ya kwanza tangu Pasaka, yalitiririka uchochoroni. Wanawake wa mtaa walisimama milangoni, kila mmoja na mtungi wake kiunoni, wakingoja kujua kama nao wamwage.

"Ngoja, mama," Ribbi Yahya, mwalimu wetu wa sheria, alisema huku akihema. "Umemwona mwanao?"

"Nimemwona nyumbu wake. Amekuja peke yake, tandiko limejaa matope. Nione nini tena?"

Makhluf, mwanawe, mume wa Hnina, alikuwa akirudi kutoka sokoni mafuriko yaliposhuka korongoni.

"Nyumbu hatoi ushahidi," Ribbi alisema. "Na maji yale hayana mwisho."

Sheria yetu ndiyo hiyo. Mtu akimezwa na maji ambayo kingo zake zote hazionekani, mkewe si mke wala si mjane, kwani huenda mumewe ametokea ukingo usioonekana. Hararui nguo, hakai matanga, haolewi tena, mpaka atokee mtu aseme: nimeuona uso wake. Hnina alikuwa hajafikisha miaka ishirini. Hata leo, ninapoandika haya, hakuna aliyerarua nguo kwa ajili ya Makhluf.

Wiki iliyotangulia, sikukuu ya vibanda ilipofikia mwisho, tuliomba mvua kama ada. Ribbi alipomaliza nilisimama nikaimba beti zangu mwenyewe. Utungaji nilijifunza peke yangu, kwa kusikiliza wazee, na sikuona haya kusema kwamba nimewapita. Mvua ilipoanza kunyesha, wanaume walinipiga mabegani. "Sasa tuombee na mafuta ya taa," walisema. Nilicheka nao. Nilitembea mtaani kama niliyezaa mawingu.

Asubuhi ile nilimkabili Ribbi mbele za watu. "Kila mto una mwisho. Huu unafia mchangani, kule jangwani. Kila mtu anajua."

"Wewe umefika ukauona?"

"Bado."

"Basi na mimi bado, mwanangu."

Akautwaa mtungi wa Bibi Itto taratibu. Wanawake wakageuka, mmoja mmoja, wakairudisha mitungi ndani ikiwa imejaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndani, Hnina alikuwa amesimama katikati ya chumba. Sakafuni hukaa mfiwa, kitini hukaa mwenye mume, naye hakujua akae wapi. Nikafungua kinywa nimpe beti za kumliwaza.

"Usinisomee," alisema. "Mvua uliisomea, ikaja. Mimi niletee uso wake."

"Mto ule umejaa mawe, Hnina. Unamvunjavunja mtu."

"Mradi pua na mashavu viwepo. Ana lile kovu juu ya nyusi. Lakini usichelewe. Zikipita siku tatu uso hubadilika, hata mama yake hatakubaliwa kumtambua."

"Na nikimkuta mzima?"

Alinitazama kama ninavyotazamwa na watu wazima ninapojisifu. "Ukimkuta mzima, mwambie chakula kimepoa."

Nikajifunga kamba kiunoni. Nje, korongo lilikuwa bado likinguruma, na milango yote ilikuwa imefungwa.

"Nitamfuata mpaka mto unapofia," nilimwambia dada yangu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Ribbi. "Sitarudi hapa kukwambia kwamba sikumwona."