Mkwe Asiyeguswa

Nilipanda ule mlima kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonifikisha. Mvua za El Nino zilikuwa zimebeba daraja, barabara hakuna, na mwanangu Irine yuko ng'ambo ya mlima, upande wa Zombo, mjamzito, kaolewa na Msukuma mchunga ng'ombe. Mimi mama yake, Filomena, nilikuwa nakwenda kumchukua, na simrudishi tena. Ng'ombe wao wa mahari tungewaswagia baadaye, shauri yao.

Tulitoka Kisanga mimi na mdogo wangu Ditram na wanaume watatu wa jirani wa kushuhudia. Mbele alikuwa Seni, mkwe mwenyewe, aliyetumwa na baba yake atuongoze msituni, wakidhani nakwenda kumsalimia mwanangu tu. Kutuongoza! Yuko mbali huko, panga mkononi, kanipa mgongo. Hata shikamoo ya asubuhi alinipa akiwa ameugeukia mgomba.

"Anakuheshimu, dada," Ditram alisema. "Kwao mtu hamsogelei mama mkwe. Na baba yake, Mzee Jilala, ndiye balaa kabisa. Mwanawe akimgusa mama mkwe tu, ndoa imekwisha. Kaka yake Seni alinyang'anywa mke kwa kumdaka mama mkwe alipoteleza kwenye lori la miwa kule Kidodi."

"Basi nitamkumbatia huyo Seni leo leo, tumalizane!"

Hakuna aliyecheka, pumzi zilikuwa zimewaishia. Upupu ulinichoma shingo mpaka nikajikuna damu, siafu wakaingia kwenye raba zangu za mtumba, na ukungu ukashuka hata humwoni aliye nyuma yako. Mbega wakatukoromea juu ya miti, nami nikawakoromea. Kila nikiteleza namtukana Seni.

"Mlima wa laana huu! Mwanangu mlimpitisha huku?"

Yeye anafyeka tu, hageuki. Mgongo wake ule ulinitia wazimu. Nikawaacha wenzangu nyuma, nikapanda mbio nimfikie, nimpe vidonge vyake.

Ardhi ikameguka. Nikajikuta nimening'inia ukingoni mwa korongo, mikono yote miwili kwenye mzizi, miguu haina pa kukanyaga, maji yananguruma chini. Niliogopa, jamani. Nikapiga yowe. Ditram akaitika, lakini kwa mbali mno.

Seni akarudi. Akaninyooshea fimbo yake ya kuchungia, uso kaugeuzia pembeni. Nikaishika, ikaniponyoka kwa matope. Mzizi ukaanza kung'oka.

"Nishike, mwanaharamu wewe!"

"Mama, mke wangu," akasema. Hayo tu, na machozi yanamtoka. Kisha akaitupa fimbo, akanidaka makwapani, akanivuta mpaka nikamwangukia kifuani.

Ditram alipofika na wenzake, Seni alikuwa ameshatangulia, anafyeka kama kawaida.

"Umetokaje humo, dada?"

"Nimetoka," nikasema. Sikumwambia zaidi.

Tukafika kwa Mzee Jilala nimejaa tope mpaka masikioni. Irine akatoka ndani, kanenepa, tumbo hilo, akanikimbilia akicheka. Halafu akauona uso wa mumewe, na cheko likakatika. Mzee akanitazama juu mpaka chini, wala kiti hakunipa.

"Mama Irine, umeanguka. Nani kakuinua?"

Seni akainamisha kichwa. Neno moja tu, na mwanangu angerudi kulala kwangu Kisanga siku zote. Si ndilo nililolifuata? Ndoa ingevunjwa palepale, na baba mtu mwenyewe. Irine akanikodolea macho, akatikisa kichwa polepole. Mungu wangu, alikuwa analipenda lile bwege!

"Nani aniinue?" nikafoka. "Mwanao huyu? Alikuwa mbele huko anakimbia kama mwizi wa kuku! Nimejiinua mwenyewe, mzee, huku nawalaani ukoo mzima!"

Mzee Jilala akatabasamu, akamgeukia Seni.

"Vizuri. Nimelea mwanaume."

Nilitamani kumtemea mate. Nikamwambia Irine aniletee maji ya kunawa, na kesho yake tukarudi Kisanga bila yeye.