Pua za Manowari

Mambo yaliharibika Jumanne ile ya tarehe kumi na nne, asubuhi, pale wanamaji wastaafu walipokwisha kuvishwa medali, na mmoja wao akaivua ya kwake ili aitazame vizuri.

Patasi alikuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi, amenuna. Ndiye aliyechonga medali hizo za kukumbuka ushindi wa baharini, na hakuna aliyemkaribisha hata soda. Tangu mkewe afariki, Patasi alikuwa na jibu moja kwa kila balaa: wakubwa. Paa likivuja, wakubwa. Akikohoa, wakubwa.

Kuchonga kalibu ya medali ni kazi ya kinyumenyume. Unachotaka kitokee kulia, unakichonga kushoto. Miaka yote mkaguzi wake alikuwa mkewe. Alikuwa akiikandamiza kalibu kwenye mche wa sabuni ya kufulia, anaikodolea macho ile alama, kisha anasema, "Baba, farasi wako huyu kamtupa mtu wake anarudi nyumbani." Patasi ananung'unika, anarekebisha. Mkewe alipokufa, aliacha kununua sabuni ya mche. Akawa anafulia ya unga, basi.

Safari hii aligeuza kila kitu: mahali pa meli zetu, mahali pa meli za adui, hata mawingu. Alichosahau kugeuza ni pua za meli. Medali ikatoka adui yuko kulia, sisi tuko kushoto, na pua zote zinatazama kushoto. Yaani adui anatufukuza, nasi tunatimua mbio, bendera juu.

Mkurugenzi wa kiwanda anakofanya kazi Patasi aliitwa mbele akaonyeshwa medali hiyo. Akarudi kwa Patasi jasho linamtoka.

"Mzee, hizi manowari zetu zinakwenda wapi?"

"Zinakokwenda. Mlinikataza kubeba kalibu nyumbani, leo mnaniuliza njia."

"Na kazini huna macho?"

"Macho ninayo. Taa ndiyo hamjabadilisha."

"Sawa. Ijumaa niletee ufunguo wa nyumba."

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kiwanda, vya hovyo tu, lakini nyuma ya mlango kuna msumari ambao mkewe alikuwa akitundikia mkoba wake, na mkoba bado upo. Hajawahi kuugusa. Atautundika wapi kwingine?

Wakati huo yule mwanamaji aliyevua medali, mkongwe kuliko wenzake wote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani yake akampiga mgongoni.

"Nani kachonga hii?" aliuliza.

Mkurugenzi akamsukuma Patasi mbele kama anayemkabidhi mwizi. "Huyu, mzee wangu. Tayari tumeshamchukulia hatua."

"Hatua ya nini? Mwanangu, ulikuwepo siku ile?"

"Mimi? Hapana, shikamoo," alisema Patasi, kachanganyikiwa.

"Marahaba. Basi aliyekuhadithia hakukuficha kitu. Tulikimbia, bwana. Tulikimbia mpaka kofia zikabaki majini. Wale wakatufuata kwa pupa, wakapanda fungu la mchanga, wakakwama. Sisi tukageuka, tukapiga picha ya ushindi."

Wenzake wakaguna kukubali. Mmoja akasema kofia yake haikupatikana mpaka leo. Mgeni rasmi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza hotuba ndefu kuhusu namna tulivyomfukuza adui bila kurudi nyuma hata hatua moja, akaanza kuzikunjakunja karatasi zake.

"Mzee, hayo tuyaache," mkurugenzi alinong'ona. "Fundi kakosea, na atatoka."

"Atoke. Ila tangaza hapa hapa, kila mtu asikie, anatolewa kwa kosa gani."

Mkurugenzi akamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akatazama dari. Patasi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona wakubwa wawili wakikosa la kusema kwa wakati mmoja, akasogea, akakohoa kidogo.

"Kweli, bosi. Nimekosea wapi?"