Zamu ya Velma

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mlango wa nyuma wa ofisi ya afya ulifunguliwa kwa watu weusi. Siku nyingine ulipigwa komeo, na mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu. Hii ilikuwa Georgia, kusini mwa Marekani, mwaka ule bei ya pamba ilipoanguka. Nesi Harlan alikuwa anachemsha sindano wakati Velma Tolbert, mtoto wa Dada Odessa, alipofika akashika mkia wa foleni. Mtoto huyo alikuwa amezikwa jana yake. Alivaa gauni jeupe la mfuko wa unga, limebanwa kwa pini mgongoni kama wanavyovishwa maiti, na udongo mwekundu ulimdondoka magotini.

Bibi Sudie, aliyekuwa mbele yake, alisogeza kikapu.

"Umechelewa, mjukuu wangu."

"Mama alinileta Jumatatu, bibi. Wakasema Alhamisi."

Hakuna aliyebisha. Dondakoo lilimziba Velma pumzi Jumanne.

Nesi alimpangusa mkono kwa spiriti, akamdunga. Dawa ilitoka palepale, ikatiririka hadi kiwikoni.

"Mwili hauipokei," alisema. "Rudi Alhamisi."

Velma alishukuru, akarudi makaburini nyuma ya kanisa.

Kesho yake mdogo wake, Amosi, aliamka anakoroma kooni. Dada Odessa alimbeba mpaka mlango wa nyuma, akagonga, akazunguka hadi wa mbele, akagonga, akarudi wa nyuma. Mchana kutwa hakukaa. Jioni daktari wa ofisi alitoka, kofia kichwani.

"Odessa, siku yenu unaijua."

"Dawa imo ndani, Daktari. Nimeiona dirishani, kwenye sanduku la barafu."

"Imo. Na Alhamisi itakuwemo."

Jumamosi Dada Odessa alirudi. Jumapili kanisa zima lilimwombea mtoto, yeye akiomba amesimama, mguu mmoja nje ya mlango. Jumatatu hakugonga tena, alikuwa anashona shati la maziko.

Alhamisi Velma alikuja amemshika Amosi mkono. Shati la Amosi lilikuwa jeupe, mikono haijatiwa upindo, maana muda ulikuwa mfupi. Mama yao alisimama nyuma yao akiwakaza pini. Bibi Sudie alisogeza kikapu mbali zaidi.

"Haiumi," Velma alimwambia mdogo wake.

Nesi aliwadunga wote wawili, akawaambia warudi.

Wakubwa wa afya waliona foleni inarefuka, wakaleta benchi la pili, la msonobari. Kila Alhamisi Velma na Amosi hukaa hapo. Mama yao hakai. Huzunguka hadi mlango wa mbele, hugonga, hurudi.